Sindano Imekuchoma Kazini? Usingoje Jumatatu

Kazi yangu ni kuwahudumia walioumia kazini hapa Nairobi: wasafishaji wa zahanati, wazoa taka, kina dada wa saluni, walinzi wanaotumwa kufuta damu baada ya ajali. Maswali ni yale yale, na kosa linalowaumiza ni lile lile: kuchelewa kwenda hospitali.

Uchafu gani una hatari ya kuambukiza?

Damu, matapishi, kinyesi, usaha, sindano na nyembe zilizotumika. Kwa macho huwezi kujua damu ipi ina ugonjwa. Ichukulie yote kuwa inao.

Niandae nini mapema?

Glavu nzito za mpira, aproni ya plastiki, gambuti, miwani, karatasi za kupangusia, ufagio na kizoleo, ndoo, Jik na mifuko migumu. Viwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu wa zamu, si ndani ya stoo ambayo ufunguo wake anao bosi aliyeenda Thika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Tafadhali, msiendelee kuzoa taka za zahanati mkiwa na malapa.

Damu imemwagika sakafuni. Nipige mopu mara moja?

Hapana, mopu itaisambaza chumba kizima. Zuia watu wasipite, vaa glavu, funika damu kwa karatasi mpaka inyonywe, kisha zitupe kwenye mfuko wa taka za kuambukiza. Kama kuna vioo vilivyovunjika, vizoe kwa ufagio na kizoleo, usiviguse kwa mkono hata ukiwa na glavu. Halafu mwaga dawa, uiache dakika kumi ndipo upanguse. Soma chupa: Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Ichanganye siku hiyo hiyo, ya jana imeshapungua nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Ukivua glavu, nawa mikono kwa sabuni.

Damu iliyokauka si imekufa?

La. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Sindano imenichoma. Nikamue damu, nimwagie Jik?

Usikamue, usimwagie Jik wala spiriti. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Damu ikikurukia jichoni, suuza kwa maji safi mengi. Kisha nenda hospitali sasa hivi.

Nimalize zamu kwanza?

Hapana. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na ni bora zianze saa za mwanzo kabisa. Mtu anachomwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, anasema ataona wiki ijayo, ananijia Jumanne asubuhi. Muda wake uliisha Jumatatu jioni. Inaniuma kumwambia hivyo mama aliyekaa siku nne akijua kabisa amechomwa. Idara za dharura za hospitali za Kenyatta, Mbagathi na Mama Lucy hazifungwi usiku wala wikendi.

Lakini imenigusa kidogo tu, hata damu haikutoka.

Nenda. Mwache daktari apime hatari hiyo, si wewe na wenzako kwenye kibanda cha chai.

Nimejipima leo, sina virusi. Si basi?

Si basi! Kipimo cha leo kinaonyesha hali yako kabla ya kuchomwa. Hakiwezi kuonyesha kilichoingia leo. Hili ndilo linalowapoteza wengi: wanaona jibu zuri, wanarudi nyumbani, na saa zinakwenda. Pima, halafu anza dawa ukiambiwa uanze, uzimeze siku zote 28 hata zikikutia kichefuchefu, na urudi kupimwa tena.

Ni UKIMWI tu wa kuogopa?

Hapana. Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban watu watatu kati ya elfu moja wanaochomwa. Homa ya ini B inaweza kufikia watu thelathini kati ya mia moja kama hawajachanjwa. Chanjo ipo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kama hukuchanjwa, uliza chanjo siku hiyo hiyo unapochomwa.

Nikiripoti, msimamizi atanifukuza?

Najua hofu hiyo, hasa kwa wa kibarua. Ripoti hata hivyo, iandikwe kitabuni pamoja na saa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inakulinda, lakini bila maandishi utathibitishaje? Na kama msimamizi hapatikani, tangulia hospitali, utaripoti ukirudi.

Mimi ni muuguzi. Kisanduku cha sindano kimejaa, nisukume kidogo ziingie?

Usisukume. Kifungwe kikifika robo tatu. Na usirudishie sindano kifuniko, wala usiitupe kwenye mfuko wa kawaida kwa sababu kisanduku kiko mbali. Anayeubeba mfuko huo alfajiri hana habari kilichomo, na huubeba ukiwa umeegemea paja lake.