Je, wajua kwa nini wachumi hawapatani juu ya gharama ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi?

Mwaka 2006 mchumi Nicholas Stern aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti iliyotikisa wengi. Kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, alisema, kungegharimu karibu asilimia 1 ya pato la dunia kila mwaka. Kukaa bure kungeleta hasara ya asilimia 5 hadi 20. William Nordhaus wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, alipinga. Naye alitaka hatua zichukuliwe, ila taratibu, kodi ya kaboni, yaani ile inayotozwa wanaotoa gesi hizo, ikipanda kidogo kidogo.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa hapa: hasara ya kesho ihesabiwe shilingi ngapi leo? Stern alipunguza thamani ya baadaye kwa karibu asilimia 1.4 kila mwaka. Nordhaus alitaka kiwango kikubwa zaidi, kinachofuata faida ya fedha sokoni. Chukua hasara ya dola 100 itakayotokea baada ya miaka 100. Kwa asilimia 1.4, leo ina uzito wa dola 25. Kwa asilimia 4, inabaki dola 2 tu. Maafa ni yaleyale, na watakaoumia ni walewale.

Wanaopunguza sana hujitetea kwamba wajukuu watakuwa matajiri kuliko sisi. Hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliounguzwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, na ulioona vita kila kizazi, hoja hiyo ni ngumu kuimeza. Mimi nasimama na Stern: kuchelewa kuzaliwa hakumpunguzii mtu thamani.

Kuna tundu lingine katika hesabu hizi. Mei 2023 mafuriko ya Kalehe, kando ya ziwa letu la Kivu, yaliua watu zaidi ya 400. Sisemi chanzo chake ni tabianchi. Nasema kwamba nyumba na mashamba yaliyobebwa siku ile hayaonekani kabisa katika pato la dunia. Hesabu inayopima kwa pato inamsahau maskini kabla haijaanza kujumlisha.

Halafu, nani alipe? Msitu wa Virunga, hifadhi tangu 1925, ukibaki umesimama unaifaidisha dunia nzima, lakini anayeambiwa aache makala, yaani mkaa wa miti wa kupikia, ni mama wa Goma. Tangu 2015 kituo cha Matebe kinatoa umeme wa maji. Kuunganishwa na kununua jiko la umeme, hata hivyo, vinadai fedha nyingi kwa mara moja, na yeye hununua makala ya siku kwa siku, akijua kabisa kwamba kununua gunia zima kungekuwa nafuu. Kwake fedha ya leo ni ghali kuliko asilimia yoyote ya Nordhaus. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma mkaa wa mawe na mafuta ndizo zinazopaswa kubeba gharama hiyo ya mwanzo.