Utamu wa maiki hautoki kwenye amplifaya

Wanaorekodi taarabu hapa Mombasa huambiwa sana: ukitaka maiki ya kondensa ya vipande (kapsuli mbele, amplifaya yake ndogo nyuma) itoe sauti tamu, tafuta amplifaya ghali. Sivyo. Kinachoamua sauti zaidi ni kapsuli, kile kichwa kinachonasa sauti. Kwa kampuni ya maiki ya Schoeps, kapsuli ya MK 2 hunasa pande zote, MK 4 huelemea mbele. Amplifaya, kile kipande cha nyuma, kazi yake ni kupokea mawimbi dhaifu ya kapsuli na kuyapa nguvu ya kupita kwenye waya mrefu. Basi tazama umeme inaohitaji: CMC 6, amplifaya ya Schoeps, hukubali volti 12 au 48. Na tafadhali, usiguse kwa kidole pale inapoungana na kapsuli. Jasho na unyevu wetu wa pwani huvujisha chaji ya umeme ya kapsuli, ukasikia mikwaruzo.