Jina juu ya diski: tunayoambizana na yaliyo kweli

DVD ya harusi ya dada yangu ilikuwa na stika nzuri kuliko diski zote za nyumbani: picha ya maharusi, maua pembeni, tarehe kwa herufi za rangi ya dhahabu. Miaka michache baadaye tuliiweka kwenye deki. Ilicheza vizuri mpaka maharusi wanaingia ukumbini, kisha picha ikaganda. Upande wa chini haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kilichoharibu ni ile stika, na tangu siku hiyo nasikia uchungu nikiona mtu anabandika karatasi juu ya kumbukumbu asiyo na nakala yake.

Chanzo cha makosa mengi ni imani hii: “Chunga upande unaong’aa, ule wa juu ni wa kuandikia tu.” Kwa CD, ukweli ni kinyume. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki ya chini, ambayo mwanga wa leza hupenya tu kwenda kusoma. Data yenyewe imekaa juu kabisa. Kuna tabaka la rangi linalochomwa na leza wakati wa kurekodi, juu yake metali inayoakisi mwanga, na juu ya metali ni vanishi nyembamba kuliko unywele. Basi. Ukiandika kwa kalamu ya kawaida ya shuleni, yenye ncha ngumu, unakandamiza palepale data ilipo. Mkwaruzo wa chini ukiwa mwepesi unaweza kung’arishwa diski ikasomeka tena, lakini wa juu ukishabandua metali, data imekwenda nayo.

DVD imeundwa tofauti: ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, data ikiwa katikati. Kwa hiyo haiogopi sana ncha ya kalamu. Watu wakilijua hilo husema, “Basi DVD ndiyo ya kubandika stika.” Hapana, tena DVD ndiyo inayoumia zaidi. Nafasi ya kukosea kwa leza yake ni ndogo kuliko ya CD, kwa kuwa data imebanwa zaidi: GB 4.7 mahali pale pale ambapo CD huweka MB 700. Stika iliyokaa upande kidogo huifanya diski iyumbe, na DVD inayosomwa kwa kasi ya 16x huzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Karatasi nayo hunywa unyevu na kukauka, ikivuta diski taratibu hadi ipinde. Kupinda huko huonekana zaidi ukingoni, na diski husomwa kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana mwanzo wa sherehe unacheza, mwisho unakwama.

Je, ukigundua kosa uibandue? “Bandua polepole kwa maji ya moto” ni ushauri ninaousikia mara kwa mara, nao ni mbaya. Kwenye CD gundi inaweza kung’oka na vanishi pamoja na metali. Iache ilivyo, hamisha data kwenye diski mpya au kwenye kompyuta upesi iwezekanavyo. Na diski yenye stika usiiingize kwenye redio ya gari, ile ya kumeza CD kwa mdomo mwembamba. Joto la gari lililoegeshwa juani hulegeza gundi, na karatasi ikifunuka ndani humo diski haitoki.

Kuna waliokwenda upande wa pili wakaogopa hata maka peni: “Wino unakula data.” Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, maana kuna maka zenye viyeyusho vikali. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD, na ushauri wake ni maka ya ncha laini yenye wino wa maji, na kuepuka stika kwa diski za kuhifadhiwa muda mrefu. Mahali salama kupita pote ni duara angavu la katikati, karibu na tundu, kwani hapo hakuna data. Ni padogo, lakini namba inaenea, na maelezo marefu yakae kwenye karatasi ya kasha.

Anayetaka picha achague diski yenye uso mweupe wa kuchapwa, pamoja na printa yenye trei ya diski. Hiyo si stika kwa jina jingine, kwani wino hukaa kwenye uso uliotengenezwa kuupokea, wala hakuna gundi. Choma kwanza, hakiki kwamba inasoma, ndipo uchape, kisha iache usiku kucha ikauke. Kidole chenye maji bado kinaweza kuuchafua wino. LightScribe, teknolojia ya kampuni ya HP iliyochora jina kwa leza ya mashine yenyewe ya kuchomea diski, ilihitaji diski maalumu, na maandishi yake hufifia yakiachwa kwenye mwanga. Imeshaachwa.

Za nyumbani sasa naziandika hivi: namba ya diski kwenye duara la katikati, na kwenye kasha jina la sherehe, mwaka, na neno “nakala ya 1” au “ya 2”. Ya pili inakaa kwa dada.