Nyoka kupenda jua sio umuanike kama mihogo

Huyu ni kijana wa tatu mwezi huu kuniletea nyoka kwa mtindo huu. Kijana kapanda boda toka Kajjansi mpaka huku Entebbe, chatu wake yuko kwenye ndoo ya plastiki ile inayoonyesha ndani, kafika kaitua katikati ya jua, saa saba mchana. Namwambia toa hiyo ndoo hapo, ananijibu "muzee, si nyoka wanapenda jua?" Na nyoka mwenyewe anasukuma pua kwenye kifuniko, anapanda anateleza, anapanda tena, eti "ona anavyofurahi." Anafurahi wapi, anatafuta mlango!

Sikilizeni basi. Nyoka hana jasho, joto la mwili wake analipata kutoka nje, ndo maana anaota jua, ila akishapata la kumtosha anajiondokea kivulini. Kuota jua ni kule kwenda NA kurudi. Wewe ukimfungia kwenye ndoo umemwachia kwenda tu, kurudi umemnyima, na boksi la kioo au plastiki likipigwa na jua ndani kunachemka upesi kuliko nje, hata kama Entebbe leo ni nyuzi 27 na upepo wa ziwa unakupuliza vizuri. Hawa chatu wadogo wanaojikunja kama mpira (wapo hata kwetu, huko West Nile) wanataka kama 26 mpaka 32, ukifika 35 unaelekea kuchimba kaburi. Halafu ni nyoka wa USIKU jamani. Mchana porini kajilalia zake kwenye shimo la panya. Hilo jua analolipenda nani kawaambia?

Mimi namtoa asubuhi saa tatu au jioni saa kumi na moja, chini ya mwembe, jua awe nalo pembeni akilitaka. Safari ni foronya ya pamba imefungwa fundo, ndani ya boksi lenye matundu, sio kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Akiwa amekula juzi au jana mwache, anaweza kutapika. Macho yakiwa na ukungu wa kujivua gamba, mwache. Nyasi zilizopigwa dawa hapana, na kagua siafu kwanza. Mwewe hawachelewi, kwa hiyo usimwache akaenda mbali na mkono wako. Na shingoni mtaani usimvae, jirani akija na panga hatauliza jina lake. Kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, huna? Basi hata mlangoni usimtoe, anza na hicho.

Sasa jambo ambalo vitabu vinaruka. Kama anapenda kutoka, sijui. Wageni wakiona ulimi unachezacheza wanasema anafurahia hewa, mimi mwaka wa kumi na moja huu na nyoka, ulimi wa hofu na wa udadisi bado vinanichanganya. Naangalia mwili tu: akikunja shingo kama S au akijifanya mpira, tunarudi ndani. Lakini nina jike moja zee, ukiliweka kwenye nyasi linakaa kama kamba iliyosahauliwa, dakika ishirini, sasa hapo limestarehe au limeganda kwa woga? Wengine watakwambia wanajua. Haya.

Yule wa kwenye ndoo tulimlaza kwenye sementi ya veranda, kivulini, na sahani ya maji ya kawaida sio ya friji. Nusu saa kaja kunywa, anakunywa mpaka unaona koo linavyovuta. Kijana kanyamaza kabisa. Kaondoka na nyoka ndani ya foronya yangu, ile ya maua, mama watoto ameshaiulizia mara mbili.