Miksa Ndogo kwa DJ wa Sherehe: Anza kwa Kuhesabu Maiki

Madijei wanaoanza kazi ya harusi hapa Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara kama miksa (kifaa kinachounganisha sauti za maiki na muziki kabla ya kwenda kwenye spika) ya chaneli nane, yaani njia nane za kuingizia sauti, inatosha au wajikaze wanunue ya kumi na mbili. Nami huwauliza: katika sherehe yako ya mwisho, ni watu wangapi walikuwa na maiki mkononi kwa wakati mmoja? Muziki wa DJ, hata ukitoka kwenye kontrola (mashine ya DJ ya kuongozea muziki wa laptopu) na kwenye simu ya akiba, hautumii zaidi ya njia mbili za stereo. Kinachoijaza miksa ni sauti za watu, yaani MC, mzee wa ukoo anayetoa nasaha, na kikundi cha kwaya au kaswida kilichoalikwa bila fundi mitambo kuambiwa.

Wengine hudhani kwamba miksa haihitajiki kabisa kwa kuwa kontrola yao ina tundu la maiki. Chukua kontrola za Pioneer DJ za DDJ-400 au DDJ-FLX4, ambazo ninazikuta kwa vijana wengi. Tundu la maiki ni moja, na unachoweza kukirekebisha hapo ni ukubwa wa sauti tu; huwezi kupunguza besi ya MC mwenye sauti nzito wala kung'arisha sauti ya bibi anayenong'ona. Zaidi ya hapo, njia kuu ya kutolea sauti kwenye kontrola hizo ni matundu ya RCA (yale madogo ya duara, jekundu na jeupe, kama ya nyuma ya redio), ambayo yalikusudiwa waya mfupi wa kufikia redio iliyo kando yake. Ukumbini spika inaweza kuwa umbali wa mita 20 kutoka meza ya DJ, na waya wa RCA uliorefushwa kiasi hicho hukusanya mngurumo wa umeme njiani kama nguo inavyokusanya vumbi la barabarani.

Hapo ndipo miksa ndogo inapolipa gharama yake. Hutoa sauti kwa waya wa XLR, ule wa pini tatu kama wa maiki, ambao hubeba nakala mbili za sauti, moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha nyingine, na spika inapozipokea huchukua tofauti iliyopo kati yao. Uchafu ulioingia njiani huwa umeingia sawasawa katika nakala zote mbili, kwa hiyo tofauti hiyo inapochukuliwa, uchafu hujifuta wenyewe. Pia miksa hupandisha sauti kutoka kiwango cha vifaa vya nyumbani, ambacho ni takriban volti 0.3, hadi kiwango cha vifaa vya kazi, ambacho ni takriban volti 1.2, na ongezeko hilo linakaribia desibeli 12. Kontrola ibaki mezani, iunganishwe na miksa kwa waya wa RCA wa mita moja, kisha safari ndefu ifanywe na XLR. Unaponunua, geuza miksa uangalie kama matundu ya kutolea sauti ni ya XLR kabla hujavutiwa na taa zake.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wanunuzi wengi hupotea. Namba iliyoandikwa kwenye boksi huhesabu kila upande wa stereo, wa kushoto na wa kulia, kuwa njia inayojitegemea. Yamaha MG06 ina namba sita, lakini maiki unazoweza kuchomeka ni mbili. Behringer Xenyx 802 ina nane, na maiki ni mbili vilevile. Yamaha MG10XU ina kumi, maiki nne. Kwa hiyo aliyenunua "ya nane" akidhani atahudumia MC, mzee na kwaya, atagundua ukumbini kwamba amebeba maiki nne na matundu mawili. Ushauri wangu kwa DJ anayefanya sherehe za kawaida za mjini ni matundu manne ya XLR yenye kikuza sauti cha maiki, na hayo ninayahesabu kwa kidole kwenye miksa yenyewe. Mawili yanatosha kwa anayepiga muziki baa au ufukweni, ambako maiki hutumika kwa matangazo tu.

Katika kila tundu la maiki ninatafuta swichi ya kukata besi ya chini, ambayo katika miksa za MG huanza kufanya kazi kwenye hezi 80. Sauti ya binadamu haina jambo la maana chini ya hapo. Kilichopo ni upepo wa mdomo, vishindo vya mkono unaohamisha maiki, na mtetemo wa besi ya muziki unaorudi kupitia jukwaa. Ninaibonyeza kwenye kila maiki kabla ya wageni kuingia, na siigusi tena. Kinachofuata ni vitufe vitatu vya toni badala ya viwili, kwa sababu mluzi wa maiki mara nyingi huzaliwa katikati, mahali ambapo miksa yenye besi na treble pekee haifiki. (MC anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja ili aonekane msanii ndiye mzazi mkuu wa mluzi huo: akiziba matundu ya nyuma, maiki huanza kusikia kutoka pande zote, spika zikiwemo. Mwambie kwa upole kabla ya shughuli, maana katikati ya shughuli hatakusikia.)

Mwangwi na madoido mengine yanapendwa sana na waimbaji, nami sina ugomvi nayo, mradi kuwe na namna ya kuyazima haraka baba wa bibi harusi anapoanza kuzungumza. Umeme wa volti 48, ambao miksa huupeleka kwenye maiki kupitia waya wa XLR, unahitajika hasa kwa maiki za kondensa (zile nyepesi kuhisi, za studio), ambazo DJ wa sherehe hukutana nazo mara chache.

Usisahau mpiga video. Atakuja dakika kumi kabla ya maharusi kuingia, akiwa na waya mkononi, akiomba sauti safi. Miksa yenye njia moja tu ya kutolea sauti itakulazimisha umnyime au ugawe laini ya spika, na yote mawili ni mabaya. Tafuta yenye njia ya ziada ya kurekodia, au njia saidizi ya AUX, ambayo ina uzuri wake kwa kuwa unaweza kumpelekea sauti ya MC kwa wingi na muziki kwa uchache.

Kuhusu mngurumo unaotokea laptopu inapochomekwa kwenye chaja, hilo si kosa la miksa. Mngurumo huo ulinikuta katika send-off moja nikiwa bado mgeni wa kazi, nikabadilisha nyaya zote jasho likinitoka, mpaka nilipochomoa chaja na ukumbi ukatulia. Vifaa viwili vilikuwa vimefika kwenye ardhi ya umeme kwa njia mbili tofauti, na duara hilo likawa linaimba hezi 50 za umeme wetu. Dawa yake ni kisanduku cha DI chenye transfoma kati ya laptopu na miksa, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za vifaa hivyo viwili. Kukata pini ya ardhi ya plagi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, ni kumwachia MC aliyeshika maiki ya chuma ahatarishe maisha yake.

Miksa za kidijitali zinazoongozwa kwa tableti ninazipenda kwa bendi, lakini DJ anayefanya kazi peke yake anahitaji kitufe cha kushika gizani, bila kutegemea Wi-Fi katika ukumbi uliojaa simu.

Mwisho, angalia adapta. Miksa nyingi ndogo hazichukui waya wa umeme moja kwa moja, na baadhi ya adapta zake hutoa umeme wa AC kupitia plagi ya pini tatu, tofauti kabisa na ile ya DC ya ruta. Ikiungua Jumamosi jioni, hutaipata duka la jirani, kwa hiyo nunua mbili siku ileile unayonunua miksa, na ile ya pili iweke kwenye begi la maiki, si kwenye begi la miksa.