Difu haina geji: joto usiloliona ukiwa safari ndefu

Madereva wengi wanaoleta gari gereji hapa Dodoma hutazama mshale wa temperecha tu. Ukikaa katikati, wanaona gari zima liko salama. Lakini mshale ule unasoma maji ya injini. Difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) na transfa (boksi la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma) ziko chini kule, hazina rejeta. Zinategemea upepo na oili yake.

Ndani ya difu, meno ya pinioni, ile gia ndogo, hayasukumi tu meno ya kraunwili, ile gia kubwa, yanateleza juu yake pia huku yamebeba mzigo wote. Msuguano huo ndio joto. Pakia magunia ya alizeti, toka Kondoa mchana wa Oktoba: oili inakuwa nyepesi, utando unaotenganisha chuma na chuma unapungua, joto linazidi. Difu ya nyuma kufika nyuzi 80 au 90 ikiwa na mzigo si ajabu. Ikivuka 120 na kukaa hapo, oili inazeeka haraka sana, inakuwa nyeusi na kunuka kuungua.

Kinachoniuma zaidi ni watu kutembea na foo-wili, yaani matairi yote manne yakivuta, kwenye lami. Kwa gari ambalo foo-wili unaiingiza mwenyewe, transfa inalazimisha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Kwenye kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga wa korongo tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Lami haikubali. Nguvu inabaki imejisokota ndani ya propela, krosi (viungo vya propela) na transfa, na vyote vinachemka. Utasikia usukani mzito, gari kama limeshikwa breki, na liva ya foo-wili inagoma kutoka. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia. Hata barabara ikiwa imenyooka, matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma yanatosha kuleta shida hiyo.

Kisha kuna kipumulio cha difu, ambacho wengi hawajui hata kilipo. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Vumbi letu likikiziba, presha inasukuma oili kwenye sili (mipira inayozuia oili isivuje), na mara nyingi inaishia kwenye breki za nyuma. Ukiingia kwenye maji difu ikiwa ya moto na kipumulio kimeziba, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Ukifungua, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hiyo imwage yote.

Ukienda Iringa, simama Mtera kabla ya kupanda mlima wa Nyang'oro. Kwa kipimajoto cha kulenga (kinachopima bila kugusa), pima difu, transfa na habu (vitovu vya matairi) zote nne, kisha linganisha kushoto na kulia. Habu moja ikimzidi mwenzake nyuzi 30, shuku beringi au breki inayoshika, na usianze kupanda kabla hujainua tairi hilo kwa jeki na kulizungusha kwa mkono.