Swali la Dirishani

Mimi ni mfamasia, na nina mazoea ya kujifunza jambo moja jipya kila siku na kumweleza mtu kabla sijatoka kazini. Wenzangu wengi wanatamani hivyo, ila huanza na kitabu: leo ukurasa huu, kesho ule. Wagonjwa wakifurika, kitabu kinarudi kwenye droo. Ushauri wangu ni kuanza na swali ambalo mgonjwa amekuuliza pale dirishani, nawe ukalijibu juujuu.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ALu. Sote tunasema, "Meza baada ya kula." Halafu mama anauliza: mtoto hataki kabisa kula, nifanyeje? Hapo ndipo penye somo la siku. Ukifuatilia, utakuta kwamba lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Watu wazima wenye afya walipoimeza na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kilichoingia kwenye damu kilikuwa mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Lakini mtoto hahitaji sahani ya pilau. Mafuta kidogo tu yanasaidia sana: maziwa, au uji uliotiwa karanga. Sasa mama unamjibu kitu anachoweza kukifanya usiku huohuo.

Ukishalijua, mweleze muuguzi au intani wakati wa chai, bila kushika daftari. Hilo la daftari nalisisitiza. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha jinsi usahaulifu unavyokwenda kasi katika saa za mwanzo. Mwaka 2006, nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi walizisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja, walioandika kwa kumbukumbu ndio waliokuwa mbele.

Kumweleza mwenzako ni kuivuta kumbukumbu kwa namna hiyohiyo, tena yeye ana faida ya ziada: atauliza "kwa nini?" Ukikwama, umeshajua pa kwenda kusoma.

Sharti langu moja halina mjadala: kabla hujamwambia mtu, hakikisha kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu au karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi la dawa. Ujumbe uliozunguka WhatsApp hautoshi. Kosa kuhusu dozi likishatoka kinywani mwa mtaalamu, watu hulibeba kwa imani yote.

Kama huna swali la kuanzia kesho, anza na doksisaiklini, mojawapo ya antibiotiki: kwa nini tunamwambia mgonjwa aimeze kwa glasi nzima ya maji, na asilale papo hapo? Kidonge kikinasa kwenye umio huunguza ukuta wake na kuacha kidonda, na mgonjwa atarudi akilalamika kifua kinamuuma anapomeza.